Mafundi wa Kuangusha Vitu

Mnazi wa mita 20 unaachia nazi. Nazi hiyo, pamoja na makumbi yake, ina kilo moja na nusu na kipenyo cha sentimita 22. Itatua kwa kasi gani? Mwanafunzi wa sekondari atajibu kwa kalamu tu: atazidisha 2 kwa 9.8 kwa 20, atatafuta kipeuo cha pili, atapata mita 19.8 kwa sekunde, na muda wa safari utakuwa sekunde 2.02. Hesabu yake ni safi, ila inahusu nazi inayoanguka mahali pasipo na hewa. Hewa ya pwani ikiingizwa humo, nazi ileile inatua kwa mita 18.4 kwa sekunde, na safari inachukua sekunde 2.07. Tofauti ya muda hakuna jicho litakaloiona. Tofauti ya kishindo ipo: zaidi ya sehemu moja ya nane ya nishati ya kugonga imeachwa hewani.

Namba hizi za pili zinatoka kwenye programu ndogo inayoishusha nazi kidogokidogo, hatua kwa hatua, na kila hatua inauliza hewa imezuia kiasi gani. Kazi hiyo, ya kuangusha vitu ndani ya kompyuta, ndiyo ninayotaka kuisifu. Ni ufundi unaotazamwa kila siku na watu wasiojua kwamba wanautazama: ndege anayerushwa kwenye mchezo wa simu, mpira unaodunda kwenye kandanda ya kompyuta, jengo linaloporomoka kwenye filamu. Kitu kikianguka sawasawa, hakuna anayeuliza nani amekiangusha. Kikianguka vibaya, hata mtoto mdogo anashtuka, kwa sababu amekuwa akiangusha vitu tangu alipojua kushika.

Moyo wa kazi ni mistari miwili ya msimbo. Wa kwanza unasema: ongeza kasi kwa kiasi ambacho mvutano wa Dunia unaiongeza katika hatua hii ya muda. Wa pili unasema: sogeza kitu kwa kiasi ambacho kasi hiyo inakisogeza katika hatua hiyohiyo. Kisha rudia mpaka kitu kifike chini. Leonhard Euler alikwishaieleza njia hii katika kitabu chake cha mwaka 1768, na mpaka leo ndiyo mlango ambao kila anayejifunza kazi hii anapitia.

Uzuri na hatari vinaanzia kwenye mpangilio wa mistari hiyo. Chukua hatua kubwa makusudi, ya nusu sekunde, uangushe kitu kwa sekunde mbili bila hewa. Jibu sahihi ni mita 19.6. Ukisogeza kwanza kisha ukaongeza kasi, kitu kinashuka mita 14.7. Ukiongeza kasi kwanza kisha ukasogeza, kinashuka mita 24.5. Mistari ni ileile na namba ni zilezile. Kilichobadilika ni upi umetangulia. Sasa jumlisha 14.7 na 24.5, ugawe kwa mbili: 19.6 barabara. Hesabu hii naipenda sana. Mpangilio mmoja unachelewa kwa kiasi kilekile ambacho mwingine unawahi, na ukweli umekaa katikati yao. Punguza hatua iwe moja ya sitini ya sekunde, kama ilivyo kwenye michezo mingi, na pengo kati ya jibu lako na jibu sahihi baada ya sekunde mbili linabaki sentimita 16.

Hapo ndipo ninapouona ufundi wenyewe. Kompyuta itakosea, hilo halikwepeki. Fundi mzuri anajua kosa lake liko upande gani, lina ukubwa gani, na litakua namna gani hatua ikirefushwa. Akichagua kuongeza kasi kwanza, hachagui kwa mazoea. Anajua kwamba kwenye bembea au springi, mpangilio ule mwingine unaongeza nishati kidogo kila mzunguko, mpaka bembea isiyosukumwa na mtu inapanda juu zaidi na zaidi. Mpangilio huu hauna tabia hiyo. Nishati inayumba kidogo huku na huku lakini haikimbii. Zipo njia sahihi zaidi. Wajerumani wawili, Carl Runge mwaka 1895 na Wilhelm Kutta mwaka 1901, walitoa njia inayopima mteremko mara kadhaa ndani ya hatua moja, na wanaohesabu njia za vyombo vya anga bado wanaitegemea. Lakini kwenye mchezo wenye mamia ya vitu vinavyogongana, ambapo kila kitu lazima kikamilike ndani ya milisekunde 16 na nusu hivi, mistari miwili iliyopangwa vizuri inashinda.

Halafu kuna suala la saa. Simu mpya inachora picha 60 au 120 kwa sekunde. Simu iliyochoka inachora 20, na ikipata joto hata hizo hazifiki. Hatua ya muda ikifuata mchoro, nazi ileile itaanguka tofauti kwenye kila simu. Mwaka 2004 Glenn Fiedler aliandika makala ambayo mafundi wa michezo wanaelekezana mpaka leo, na dawa yake ni hii: hatua ibaki ileile daima, na muda unaopita uwekwe kwenye kibubu. Kila picha inapochorwa, muda uliopita unadumbukizwa humo. Kibubu kikifikisha hatua nzima, hatua inatolewa na fizikia inasonga mara moja. Kikiwa na hatua tatu, inasonga mara tatu. Chenji inayobaki inangoja picha ijayo, na mchoro unawekwa kati ya hali mbili za mwisho kulingana na ukubwa wa chenji hiyo, ili jicho lisione kukwama. Mchezaji hajui lolote kuhusu kibubu. Anaona tu kwamba mpira unashuka kwa utulivu kwenye simu yake mbovu.

Mpaka hapa hewa haijaingia kwenye mistari yetu miwili. Ikiingia, inakuja na kanuni fupi: nusu ya uzito wa hewa kwa mita ya ujazo, zidisha kwa namba ya umbo la kitu, zidisha kwa eneo linalokabili upepo, zidisha kwa kasi mara kasi. Karibu na usawa wa bahari hewa ina kilo 1.2 hivi kwa kila mita ya ujazo. Namba ya umbo kwa mpira laini ni takriban 0.47, kwa sahani bapa inayoshuka kifudifudi inapita kidogo 1.1, kwa umbo lililochongwa vizuri, butu mbele na jembamba nyuma, inaweza kushuka mpaka 0.04. Linganisha namba mbili za mwisho. Kwa eneo lilelile na kasi ileile, umbo peke yake linaweza kuzidisha ukinzani zaidi ya mara ishirini na tano.

Ile kasi mara kasi ndiyo inayofanya kazi kubwa. Kasi ikiongezeka maradufu, ukinzani unakuwa mara nne. Kwa hiyo kila kinachoanguka kwa muda wa kutosha kitafika mahali ambapo hewa inakisukuma juu kwa nguvu sawa na uzito wake, na kutoka hapo hakiongezi mwendo tena. Tone la mvua la milimita mbili linatulia kwenye mita 6.5 kwa sekunde hivi. Bila hewa, tone hilohilo likitoka kwenye wingu lililo kilomita moja juu lingetupiga kwa mita 140 kwa sekunde. Mtu anayeruka kutoka kwenye ndege akilala kifudifudi hewani anafikia kilomita 200 kwa saa hivi, basi. Felix Baumgartner alipojiachia kutoka karibu kilomita 39 juu ya New Mexico tarehe 14 Oktoba 2012, alifikia kilomita 1,357.6 kwa saa, kwa kuwa kule juu hewa ni haba mno, kisha akapunguzwa mwendo na hewa nzito ya chini kabla hajafungua mwavuli. Programu inayotaka kumfuata mtu huyo haiwezi kushika uzito mmoja wa hewa toka juu hadi chini. Hata kwetu hapa tofauti ni kubwa: kwenye kilele cha Uhuru, mita 5,895, hewa ina uzito unaozidi kidogo tu nusu ya ule wa Bagamoyo, na nazi iliyopewa nafasi ya kuanguka kwa muda mrefu kule ingetulia kwenye kasi inayozidi ya pwani kwa zaidi ya theluthi.

Kinachonivutia zaidi ni namna hewa inavyowaumbua wanaoharakisha. Chukua unyoya. Ni mwepesi mno, na hewa inaukinza mara moja kwa nguvu. Tuseme fundi anatumia ukinzani rahisi unaokwenda sambamba na kasi, na kwa unyoya huu amepanga kwamba kila sekunde unakatwa mara 150 ya kasi uliyonayo. Kwa hatua ya moja ya sitini, kila hatua inakata mara 2.5. Kasi ilikuwa 1, toa 2.5, inakuwa 1.5 kuelekea juu. Hatua inayofuata, 2.25 kuelekea chini. Halafu 3.375 juu. Baada ya hatua kumi, yaani sehemu ya sita ya sekunde, kasi imepita 57, na unyoya umeshatoweka kwenye kioo. Hewa, ambayo kazi yake ni kutuliza, imegeuzwa mzinga, na sheria ya fizikia iliyoandikwa haikuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa kudhani kwamba kasi ya mwanzo wa hatua itadumu mpaka mwisho wake.

Erin Catto, fundi wa Marekani aliyetengeneza injini ya fizikia iitwayo Box2D, alilijibu tatizo hili kwa mstari mmoja. Badala ya kutoa, anagawa. Kasi inagawanywa kwa moja ongeza zao la ukinzani na hatua. Kwa unyoya wetu, 1 inagawanywa kwa 3.5, inakuwa 0.286, halafu inapungua tena, halafu tena. Weka ukinzani wa elfu au wa milioni, kasi haitageuka upande kamwe. Itakaribia sifuri na kukaa hapo. Ndani ya msimbo wake, juu kidogo ya mstari huo, Catto aliacha maelezo mafupi ya hesabu: mlinganyo anaouanzia, jibu lake kamili, na hatua za kufika kwenye mgawanyo huo. Yeyote anayefungua faili anaweza kuyafuata. Nawaheshimu sana watu wanaoandika namna hiyo. Msimbo ungefanya kazi bila maelezo, na wachezaji wa Angry Birds, mchezo wa 2009 uliotumia injini hiyo, hawataufungua maisha yao. Ameyaacha kwa ajili ya fundi mwenzake atakayekuja kesho na swali.

Lakini ukinzani huo sio hewa, na Catto hakudai kwamba ni hewa. Ndani ya Box2D, kitu kinachovutwa na kukinzwa hivyo kinatulia kwenye kasi ambayo ni mchapuko wa mvutano ugawanywe kwa namba ya ukinzani. Uzito wa kitu haumo. Ukivipa unyoya na nyundo namba moja, vitashuka bega kwa bega mpaka chini. Injini nyingi za aina hii zinafanya vivyo hivyo, na uamuzi huo naukubali: kazi ya injini ni kugonganisha maboksi mia kwa utulivu, na kile kidogo cha ukinzani kimewekwa ili vitu visiteleze milele. Anayetaka hewa ya kweli lazima aiandike mwenyewe, kila hatua apime kasi, apige kanuni ile ya kasi mara kasi, na kuisukuma nguvu hiyo kinyume cha mwendo. Hapo ndipo mtumiaji wa injini anapoanza kuwa fundi.

Akishaandika, anajuaje kwamba ni kweli? Kuna jaribio jepesi ambalo kila programu ingepaswa kupita. Tarehe 2 Agosti 1971, David Scott wa Apollo 15 alisimama Mwezini akaachia nyundo ya kilo 1.32 kwa mkono mmoja na unyoya wa falkoni kwa mwingine, kutoka kimo cha mita 1.6 hivi. Vilitua pamoja. Weka hewa sifuri, weka mvutano 1.62, angusha vyote viwili: vinapaswa kugusa chini katika hatua ileile, sekunde 1.4 baadaye. Jaribio hilo linathibitisha mvutano, lakini juu ya hewa halisemi neno. Kwa hewa, mimi ningempeleka fundi London, mwaka 1710.

Mwezi wa Juni mwaka huo, katika Kanisa Kuu la St Paul ambalo ujenzi wake ndio kwanza ulikuwa unakamilika, matufe ya kioo yaliangushwa mawili mawili kutoka kimo cha futi 220, yaani mita 67. Moja lilijazwa zebaki, jingine lilikuwa na hewa tupu. Isaac Newton aliyaeleza majaribio hayo katika toleo la pili la Principia, mwaka 1713, kwa undani wa mtu anayetaka msomaji aweze kuyarudia. Kulikuwa na meza ya mbao juu kabisa, upande mmoja imeshikwa na bawaba za chuma, upande wa pili imeegemea pini ya mti. Matufe mawili yalilazwa juu yake. Waya wa chuma ulishuka mpaka sakafuni; ukivutwa, pini inachomoka, meza inaangukia upande wa bawaba, matufe yanaanza safari pamoja, na waya huohuo unaachia pendulamu inayohesabu sekunde. Mwanzo mmoja kwa matufe yote na kwa saa pia. Kila anayeandika programu ya kuangusha vitu ana kitufe cha namna hiyo, na sidhani kuna kilichofikiriwa vizuri kuliko meza hii.

Matufe yenye zebaki yalichukua takriban sekunde 4. Yenye hewa yalichukua kati ya 8 na 8½. Msomaji wa haraka angeishia hapo, akiwa ameshaona kwamba hewa ina nguvu. Newton hakuishia hapo, kwa sababu zile sekunde 4 zilimsumbua. Kwa hesabu yake, kitu kizito kingepaswa kushuka futi 220 kwa sekunde 3 na sehemu 42 za sitini, yaani sekunde 3.7. Hewa haikuweza kulichelewesha tufe la zebaki kiasi hicho. Kosa lilikuwa mahali pengine, na akalipata: meza. Ikikosa pini, meza ilianguka polepole kuliko ilivyotakiwa, na kwa kuwa matufe yalikuwa yamelazwa karibu zaidi na bawaba, iliyazuia mwanzoni badala ya kuyaachia huru. Ucheleweshaji ulikuwa sehemu 18 za sitini za sekunde. Akauondoa kwenye muda wa kila tufe la hewa, kwa sababu meza iliyochelewesha moja ilichelewesha na mwenzake. Jambo moja linanifurahisha hapa: aligawa sekunde kwa sitini, na injini zetu pia zinaigawa kwa sitini. Meza ya St Paul ilikula hatua kumi na nane.

Sasa lichukue tufe la kwanza kwenye orodha yake. Lilikuwa na nafaka 510 za mizani ya Kiingereza, gramu 33 hivi, na kipenyo cha inchi 5.1, sentimita 13. Litie kwenye programu: mvutano 9.81, hewa kilo 1.2, namba ya umbo 0.5, hatua moja ya sitini. Achia. Baada ya sekunde mbili na nusu hivi kasi imekwishatulia kwenye mita 9 kwa sekunde, na tufe linashuka umbali uliobaki kwa mwendo mmoja. Linagusa sakafu baada ya sekunde 8 na chembe. Newton aliandika 8½ kwa tufe hilo. Ondoa ucheleweshaji wa meza, zinabaki 8.2. Kati ya pendulamu ya karne tatu zilizopita na kompyuta ya leo kuna pengo la sehemu moja au mbili za kumi za sekunde, na pengo hilo linazibika ukiipandisha namba ya umbo kidogo sana.

Mwaka 1719 John Desaguliers alirudia kazi hiyo kanisani humohumo, safari hii kutoka futi 272, na kwa kitu chepesi zaidi. Alichukua vibofu vya nguruwe, akavilowesha, akavipuliza ndani ya tufe la mti lenye uwazi ili vichukue umbo la duara, akaviacha vikauke. Vikaangushwa pamoja na mpira wa risasi. Risasi ilifika kwa sekunde 4¼. Vibofu vilichukua kati ya sekunde 17 na 22. Katika toleo la tatu la Principia, la 1726, imeandikwa pia kwamba vibofu havikushuka wima kila mara, vingine viliyumba, na kilichokuwa na mikunjo kilicheleweshwa na mikunjo yake. Kibofu chenye mikunjo ni data nzuri sana. Kinamwambia fundi mahali ambapo namba moja ya umbo inaanza kushindwa.

Kwa maana ile 0.47 ya mpira haidumu kwa kasi zote. Mwanzoni mwa karne ya 20 Gustave Eiffel, ambaye mnara wake Paris ulikuwa umekwisha kusimama, alidondosha mabamba kutoka ghorofa ya pili ya mnara, yakitelemka kwenye waya ulionyooka wima, ili apime hewa inavyoyakinza. Baadaye alijenga handaki la upepo, na humo mipira yake ikamwonyesha ukinzani mdogo sana kuliko ule waliopima Wajerumani wa Göttingen. Pande zote mbili zilikuwa sahihi. Mwaka 1914 Ludwig Prandtl wa Göttingen alieleza sababu: kasi ikipita kiwango fulani, tabaka jembamba la hewa linalougusa mpira linachafuka, na likichafuka linaung'ang'ania mpira kwa muda mrefu zaidi kabla ya kubanduka, kwa hiyo mkia wa hewa iliyovurugika nyuma unakuwa mwembamba. Ukinzani unaporomoka. Alithibitisha kwa kuuvika mpira pete ya waya mwembamba upande wa mbele: waya unaikwaruza hewa, na ukinzani unapungua.

Na nazi yetu? Mafundi wana namba moja wanayoitumia kujua kitu kiko upande gani wa mabadiliko hayo, namba ya Reynolds: kasi mara kipenyo, gawanya kwa mnato wa hewa. Kwa mpira laini mabadiliko yanatokea kati ya 200,000 na 400,000. Nazi yenye kipenyo cha sentimita 22 inayokwenda mita 18.4 kwa sekunde ina namba ya Reynolds ya karibu 270,000. Yaani katika mita za mwisho, ikikaribia paa la mtu, inaingia mahali palepale ambapo Eiffel na Göttingen walipishana. Tena nazi si laini wala si duara kamili, na ukwaruzo unawahisha mabadiliko. Ile 18.4 ya mwanzo imetoka kwa kushika 0.47 toka juu hadi chini. Fundi makini ataichukua hiyo kuwa kiwango cha chini, kwa kuwa ukinzani ukipungua njiani nazi itagonga kwa kasi kubwa zaidi, na 19.8 isiyo na hewa ataichukua kuwa dari. Nazi halisi iko katikati. Hilo ni jibu la heshima, na kwa mwenye paa linatosha.

Paa lenyewe ni kisa kingine, nikigusie tu. Kwa kasi hiyo nazi inasogea sentimita 31 kila hatua, na bati halina unene wa hata milimita moja. Hatua moja nazi iko juu ya bati, hatua inayofuata iko chini yake, na programu haikuona mgongano wowote. Kwa hiyo injini nzuri zinafuatilia njia nzima kati ya hatua na hatua na kutafuta wakati halisi wa kugusana. Hesabu yake ni ngumu kuliko mvutano na hewa vikijumlishwa, na anayeifanya vizuri anastahili makala yake mwenyewe.

Kinachobaki ni kuti. Mnazi uleule unaangusha makuti, na kuti haliteremki kwa namba moja ya umbo. Linapinduka, linateleza upande, linasita, linajigeuza. James Clerk Maxwell aliandika mwaka 1854 kuhusu kipande cha karatasi kinachoanguka kikizunguka kwenye mhimili wake na kukimbilia upande mmoja, kabla hajaandika chochote juu ya umeme na sumaku. Miaka 150 baadaye, mwaka 2004, Umberto Pesavento na Z. Jane Wang wa Chuo Kikuu cha Cornell walitatua kwa kompyuta milinganyo kamili ya hewa inayolizunguka jani bapa linaloanguka, na wakaona kwamba kwenye kona za safari yake jani linaweza kupanda juu kidogo, likiinuliwa na hewa linayoizungusha lenyewe. Kitu kinachoanguka kinapanda. Kanuni ile ya kasi mara kasi, inayojua kuzuia tu, haitakupa hilo hata ukipunguza hatua mpaka moja ya milioni.

Hesabu yao ilikuwa ya jani moja, bapa, katika vipimo viwili. Kuti la mnazi lina mita nne, tano, hata sita, lina uti unaopinda, na majani membamba yamejipanga pande zote mbili. Fundi anayelitaka kwenye programu inayokwenda papo hapo hulikata uti vipande, kila kipande akakipa majani yake, na kwa kila kundi la majani akapima pembe yake na upepo unaopanda: pembe hii inazuia kiasi hiki, pembe ile inainua kiasi kile. Nguvu zote anazijumlisha, anapata msukumo wa kuti zima na pia jinsi linavyosokotwa, kisha anapiga mistari yake miwili, mmoja wa mwendo na mwenzake wa mzunguko. Anaweka simu ubavuni mwa mnazi, anarekodi makuti halisi yakiangushwa na mkwezi, na anahesabu kila kuti limeyumba mara ngapi kabla ya kutua. La kwenye kioo likiyumba mara mbili na la shambani mara tatu, anarudi kwenye majani ya nchani, ambako uti ni mwembamba na upepo una nguvu zaidi ya kuupinda, anabadilisha pembe, anaangusha tena.